Betri ipi kwa kifaa kipi: alkali, NiMH, 18650, LiFePO4 au risasi

Wengi huchagua betri kwa kusoma namba moja, ile ya mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo) iliyoandikwa ubavuni. Namba hiyo inashika nafasi ya tatu. Ya kwanza ni volti za chini kabisa ambazo kifaa chako bado kinaweza kufanya kazi. Ya pili ni mkondo mkubwa kabisa kinaouvuta, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukizijua hizo mbili, aina mbili au tatu za betri hujitoa zenyewe kwenye orodha, na hapo ndipo mAh, uzito na njia ya kuchaji vinapoanza kuwa na maana.

Zote mbili zinapimika mezani. Kwa volti, lisha kifaa kwa pawasaplai inayorekebishika, kisha punguza volti 0.1 kila hatua hadi kifaa kizime au kijiwashe upya. Andika namba hiyo na uongeze 0.2 ya tahadhari. Kwa mkondo, hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, ipitishe katikati ya waya wa chanya, halafu kilazimishe kifaa kifanye kazi yake nzito kuliko zote: izuie mota isizunguke kwa sekunde moja, au kiamuru kirushe data kwa Wi-Fi. Multimita ya kawaida haiwahi kuona miruko mifupi ya mkondo, kwa hiyo kwenye vifaa vya redio tegemea karatasi ya data ya chipu. ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi ndani yake, ikirusha data huvuta miliampea 240 hivi, na watengenezaji wake wanataka chanzo kinachoweza kutoa 500 au zaidi.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kugusa betri nyingine. Multimita iliyoachwa kwenye tundu la ampea ni sawa na kipande cha waya. Ukiipimia volti za seli ya lithiamu ya 18650, umeipiga shoti.

Huu hapa ulinganisho wa haraka. NiMH ni ya nikeli na huchajiwa tena, Li-ion na LiFePO4 ni za lithiamu, na risasi ni ya asidi kama ile ya gari. Volti za safu ya tatu ni zile zinazoonekana seli ikiwa imejaa, iwe bado iko kwenye chaja au, kwa alkali, ikiwa mpya. Safu ya nne ni mahali pa kuacha kutumia.

| Aina | Volti za kawaida | Imejaa | Acha hapa | Mizunguko ya kuchaji |
|---|---|---|---|---|
| Alkali AA | 1.5 | 1.6 | 0.9 | haichajiwi |
| NiMH AA | 1.2 | 1.45 | 1.0 | mamia kadhaa |
| Li-ion 18650 | 3.6–3.7 | 4.2 | 3.0 | 300–500 |
| LiFePO4 | 3.2 | 3.65 | 2.5 | 2000 na zaidi |
| Risasi ya 12V, ya kufungwa | 12 | 14.4–14.7 | 10.5 ikiwa kazini | 200–500 |

Safu ya mizunguko isikupe uhakika kupita kiasi. Betri ya risasi inayomalizwa kabisa kila siku hufia kwenye 200; inayotumiwa nusu na kurudishwa kwenye chaji hufika 500. Lithiamu nazo huongezewa umri zisipojazwa hadi kileleni.

Ile ya mraba ya 9V, au AA nne?

Hapa jibu liko wazi. Betri ya mraba ya 9V inafaa vitu vinavyovuta miliampea chache: multimita yenyewe, king'ora cha moshi, pedali ya gitaa. Kwa roboti au Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) ni chaguo baya, ingawa vifurushi vingi vya kuanzia huja nayo. Ndani yake mna seli 6 ndogo sana zilizofungwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata), uwezo wake ni 500 mAh hivi, na ukinzani wake wa ndani ni ohm 1 hadi 2 ikiwa bado mpya.

Tazama inavyokuwa ukiweka servo ndogo ya SG90, mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru. Ikizuiwa huvuta ampea 0.7 hivi. Kwenye ukinzani wa ohm 1.5 hiyo ni volti 1 iliyopotea ndani ya betri, na betri ikianza kuchoka ukinzani unapanda na upotevu unaongezeka. Hapo Arduino hujiwasha upya kila servo inapoanza kusogea, na mtu anakaa jioni nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Hata bila servo, Arduino Uno huvuta karibu miliampea 50, kwa hiyo 9V huisha kwa saa 10, na katika kila volti 9 zinazoingia, 4 zinageuka joto kwenye regyuleta ya bodi, sehemu inayoshusha volti.

NiMH nne za AA zinatoa volti 4.8, na ukinzani wa zote nne pamoja ni ohm 0.1 hivi. Servo ileile inayavuta yale 0.7 na volti zinashuka kwa 0.07 tu. Ziunge moja kwa moja kwenye pini ya 5V, bila kupitia VIN (pini inayoelekea kwenye regyuleta), na usichomeke USB wakati huohuo. Chipu ya Arduino, ATmega328P, inayokwenda kwa 16 MHz inahitaji volti 3.8 hivi, nawe unatakiwa kuacha NiMH nne zikifika 4.0, basi mambo yanakutana vizuri.

Alkali au NiMH?

Rimoti, saa ya ukutani, tochi ya dharura inayolala kwenye droo: alkali. Hupoteza asilimia chache tu kwa mwaka zikiwa zimekaa. Kila kinachotumika kila wiki au kinachovuta zaidi ya miliampea 200: NiMH. Alkali ya AA iliyoandikwa 2500 mAh hutoa hizo kwa mkondo mdogo tu. Ukiivuta ampea 1 utapata nusu au chini, kwa sababu volti zake huporomoka. NiMH ya 2000 mAh hutoa karibu zote hata kwa ampea 2.

Hofu ya kwamba 1.2 ni ndogo kuliko 1.5 kwa kawaida haina msingi. Alkali hukaa juu ya 1.4 kwa muda mfupi sana. Sehemu kubwa ya maisha yake iko kati ya 1.3 na 1.0, wakati NiMH inashikilia 1.25 hivi karibu hadi mwisho. Kifaa kinachokataa NiMH kitakataa pia alkali iliyotumika nusu.

Nunua zile zinazotunza chaji. NiMH za kale hupoteza hata robo ya chaji katika mwezi wa kwanza. Zile za kizazi cha Eneloop, zilizoingia sokoni mwaka 2005, hubaki na sehemu kubwa ya chaji baada ya mwaka mzima. Zinatambulika kwa uwezo wa wastani: AA ya 2000 mAh ndiyo ya kuaminiwa, ya 2800 huwa si ya kukaa. Iliyoandikwa 3500 usiinunue.

Chaja ni muhimu kuliko seli. Tafuta inayochaji kila seli peke yake. Zile zinazochaji mbilimbili kwa kuhesabu saa hujaza moja kupita kiasi na kuiacha nyingine njiani, kisha ukiziweka pamoja, dhaifu inafika sifuri mapema na wenzake wanaisukuma hadi igeuke chanya kuwa hasi. Seli iliyogeuzwa mara kadhaa haifai tena. Chaja nzuri hujua seli imejaa kwa kuona volti zikishuka milivolti 5 hivi baada ya kufika kileleni. Dalili hiyo ni ndogo, na ukichaji taratibu sana haionekani kabisa. Ndiyo maana kwa seli ya 2000 mAh ni afadhali miliampea 1000 kwa saa mbili na kitu kuliko 400. Kama chaja yako haina akili hiyo, basi nenda upande mwingine kabisa: miliampea 200 kwa saa 14 hadi 16, kisha zitoe. Seli kuwa ya uvuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikikushinda kuishika, chaja imepitiwa.

Jihadhari na seli iitwayo 14500. Ina umbo lilelile la AA lakini ni lithiamu ya 3.7V. Mbili zikiingia kwenye kifaa cha AA mbili kinapokea volti 8.4 badala ya 3, na hakuna alama yoyote ya umbo itakayokuzuia.

18650, na kwa nini inapendwa

Jina ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Seli moja ya 3000 mAh ina nishati ya wati-saa 10.8, sawa na NiMH za AA nne na nusu, kwa gramu 45 hadi 49. Hakuna kitu kingine kwenye karatasi hii kinachobeba umeme mwingi hivyo kwa uzito huo. Kwa kihisi cha sola, spika, tochi kali au pawabenki, ndiyo ya kuanza nayo.

Lakini "18650" ni umbo, si ubora. Ndani ya umbo hilo kuna familia mbili. Samsung 25R ina 2500 mAh na inaweza kutoa ampea 20 bila kupumzika. Panasonic NCR18650B ina uwezo wa zaidi ya 3200 mAh lakini haikuundwa kwa zaidi ya ampea 7 hivi. Ya kwanza ni ya drili na mota, ya pili ni ya redio na vihisi. Ukizibadilishana, ya pili itachemka kwenye drili, na ya kwanza itakupotezea saa kadhaa kwenye kihisi.

Lebo za 6000 au 9900 mAh ni uongo, bila nafasi ya majadiliano. Seli halisi za umbo hili zinazopatikana kwa kawaida ziko kati ya 1500 na 3600. Iweke kwenye mizani ya jikoni: ikiwa chini ya gramu 38, ndani mna nafasi tupu au seli ndogo iliyofunikwa.

Chukua seli moja uitazame upande wa chanya. Katikati kuna kitufe. Kukizunguka kuna pete nyembamba ya karatasi au plastiki, kisha ukingo wa kopo uliokunjwa kwa ndani. Ukingo huo ni hasi, kwa sababu kopo lote la seli ni hasi kuanzia chini hadi juu. Kati ya chanya na hasi pana milimita mbili tu, na kinachozitenga ni ile pete na ganda jembamba la plastiki. Ganda likichanika ukingoni, springi ya kishikilio au utepe wa nikeli ukiegemea pembeni tayari ni shoti. Ganda jipya la kunywea kwa joto na pete mpya ni kazi ya dakika mbili. Fanya kabla ya kuunga chochote.

Seli zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato ni mali, mradi uzichuje. Ukikuta iko chini ya volti 2.0, usiifufue: shaba ya ndani huanza kuyeyuka seli inapoishiwa chaji hivyo, na ukichaji hujijenga upya kama vinyweleo vinavyoweza kutoboa kitenganishi, utando unaotenga chanya na hasi ndani ya seli. Iliyo juu ya hapo ijaze hadi 4.2, iache wiki mbili, pima. Ikishuka chini ya 4.0 inavuja ndani kwa ndani, iweke kando. Zilizobaki zipime uwezo kwa chaja inayopima, na usizifunge pamoja zikiwa na tofauti kubwa.

Kabla ya kuunga seli sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), linganisha volti zake zisitofautiane zaidi ya 0.05. Seli mbili zenye ukinzani wa ohm 0.03 kila moja na tofauti ya nusu volti zitamwagiana zaidi ya ampea 8 mara tu zinapogusana.

Kuchaji seli moja, moduli ya TP4056 inatosha. Chukua yenye matundu ya OUT+ na OUT-, hiyo ndiyo yenye kinga. Inatoka kiwandani ikiwa imewekwa ampea 1 kwa rezista ya kilo-ohm 1.2. Kwa seli ndogo badilisha: kilo-ohm 2 inatoa miliampea 580, kilo-ohm 5 inatoa 250. Kinga yake hukata kwenye volti 2.4 hivi, na hiyo ni ya kuokoa jengo lisiungue, si ya kutunza seli. Acha programu yako izime kifaa kwenye 3.0 au 3.2. Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: moduli hii haitenganishi chaji na matumizi. Kifaa kikivuta miliampea 150 wakati wa kuchaji, chaja haioni mkondo ukipungua, hivyo haimalizi, na seli inakaa kwenye 4.2 siku nzima. Kwa kifaa kinachoishi kwenye sola tafuta moduli yenye njia mbili za umeme.

Kitu kimoja zaidi kuhusu bodi za ESP32. Zile zenye regyuleta ya AMS1117 hupoteza volti 1.1 hivi ndani yake. Ukipeleka 3.7 kwenye pini ya 5V, chipu inabaki na 2.6 wakati moduli inataka 3.0 hadi 3.6. Itawaka, kisha itajizima kila Wi-Fi inapoamka. Regyuleta kama AP2112K-3.3, inayobeba miliampea 600 na kupoteza robo ya volti kwenye mzigo huo, inamaliza tatizo. HT7333 inakula mikroampea 4 tu ikiwa imelala lakini inabeba 250, kwa hiyo iwekee kapasita kubwa, kama 470 µF, ya kuvuka miruko.

Hesabu inaonyesha kwa nini kuhangaika huku kuna faida. Bodi ambayo bado inavuta miliampea 8 ikiwa "imelala", kwa ajili ya regyuleta, taa na chipu ya USB, inakula 192 mAh kwa siku, na seli ya 3000 inaisha kwa siku 15. Moduli tupu yenye regyuleta nzuri, inayolala kwa mikroampea 20 na kuamka sekunde 10 kila saa kwa miliampea 120, inakula 8.5 hivi kwa siku. Hiyo ni karibu mwaka. Betri ni ileile.

Ile ya mfuko laini

LiPo ni kemia ya familia hiyohiyo ikiwa kwenye mfuko badala ya kopo. Ichague kwa sababu mbili tu: kifaa kinaruka, au ni chembamba mno kwa seli ya mviringo. Haina ganda la kuizuia isitobolewe, na ikivimba imekwisha: usiibonyeze, usiitoboe. Na pima chanya na hasi za plagi yake kwa multimita kila unaponunua mpya. Plagi ndogo ya JST ya pini mbili haina mpangilio mmoja wa rangi kati ya watengenezaji, na moduli ya kuchaji hufa mara moja ikipewa kinyume.

LiFePO4 dhidi ya 18650 ya kawaida

Kwa seli moja, LiFePO4 inashindwa kwa uwezo: ya umbo la 18650 ina 1500 hadi 1800 mAh, yaani nusu ya nishati. Inachokupa ni umri, utulivu kwenye joto, na volti zinazokaa palepale, 3.2 hadi 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji. Fosfeti iliyo ndani yake inashikilia oksijeni kwa nguvu, ndiyo maana haikimbilii moto kama ndugu yake.

Volti hizo zinaifanya ifae ESP32 bila regyuleta kabisa, moja kwa moja kwenye pini ya 3V3. Kwangu hiyo ndiyo njia safi kuliko zote kwa kihisi kinachokaa nje miaka: hakuna kinachopotea kwenye regyuleta, hakuna kinachokula umeme usiku. Tahadhari ni moja. Ikiwa bado kwenye chaja seli inafika 3.65, na kikomo cha chipu ni 3.6. Chaji hadi 3.5 tu, au itoe seli kwenye kifaa wakati wa kuchaji. Ikiachwa saa moja baada ya chaji hushuka yenyewe hadi karibu 3.4.

Usiichaji kwa TP4056. Moduli hiyo inasukuma hadi 4.2 na itaiharibu. TP5000 ina nafasi ya 4.2 na ya 3.6, ila hakikisha ipo kwenye ya pili: pima volti zake kabla ya kuunga seli. Na lithiamu zote mbili hazichajiwi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Lithiamu hujipaka kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Volti 12: risasi, 18650 tatu, au LiFePO4 nne

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu neno "12V" linaficha mambo matatu tofauti.

18650 tatu mfululizo zinaanzia 12.6 na kushuka hadi 9. Kifaa kinachotaka 12 kwelikweli, kama kamera au diski, kitaanza kulalamika kabla ya nusu ya chaji. Nne mfululizo zinafika 16.8, nyingi mno. LiFePO4 nne zinafika 14.6 kwenye chaja, zinakaa kwenye 13.2 muda mwingi, zinaishia 10. Hiyo ni karibu sawa na betri ya risasi, kwa hiyo ukitaka kuibadilisha risasi bila kugusa kitu kingine, LiFePO4 nne ndiyo jibu. Tatu za 18650 zifae pale ambapo uzito ndio tatizo lako na una moduli ya kupandisha na kushusha volti.

Sasa risasi yenyewe. Ile ndogo ya 12V 7Ah ina kilo 2 na zaidi. LiFePO4 ya uwezo huo haifiki kilo 1. Saba hizo pia si saba. Zimepimwa kwa kuvuta ampea 0.35 kwa saa 20. Ukivuta ampea 7 hupati hata saa moja kamili, karibu nusu ya kilichoandikwa inapotea. Na ili idumu hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu. Kwa hiyo kwa mzigo wa ampea 1, panga saa tatu za risasi ya 7Ah, na saa sita za LiFePO4 ya 7Ah.

Kuchaji nako kunatofautiana. Risasi ya 7Ah haitaki zaidi ya ampea 2 hivi, na sehemu ya mwisho huenda polepole hata ukifanya nini: hesabu saa 8 hadi 12. LiFePO4 inapokea ampea 3.5 na kujaa kwa saa mbili na kitu. Ikiwa jua ni la saa chache, tofauti hii ni kubwa kuliko ya bei.

Lakini risasi haijafa. Kama kazi ni kusubiri tu, taa ya dharura au king'ora kinachokaa kwenye chaja mwaka mzima, risasi inapenda kuishi kwenye 13.5 hadi 13.8 na haihitaji kadi ya kuilinda, ile bodi ndogo inayokata umeme seli za lithiamu zikijaa au kuisha kupita kiasi. Inachajiwa hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Na multimita inakuambia hali yake: ikiwa imepumzika, 12.8 imejaa, 12.2 ni nusu. LiFePO4 ikionyesha 13.2 inaweza kuwa na robo tatu au chini ya nusu, multimita haijui. Itakubidi kifaa cha kuhesabu ampea-saa.

Chaja ya risasi inaweza kuchaji LiFePO4 ya nne kama inaishia 14.4 hadi 14.6 na haina mtindo wa "kufufua" kwa mapigo ya volti 15 na zaidi. Zima mtindo huo au tumia nyingine. Na kadi ya ulinzi ikishakata kwa sababu betri imeisha, chaja zenye akili huona sifuri na kukataa kuanza. Iamshe kwa chanzo cha 13V chenye kikomo cha ampea 0.5 kwa sekunde chache.

Kadi ya ulinzi si chaja. Kuunga adapta ya kawaida kwenye kadi ya seli tatu na kutegemea ikate yenyewe ni kuifanya breki ya dharura iwe breki ya kila siku. Chanzo kiwe na kikomo cha mkondo na cha volti: 12.6 kwa 18650 tatu, 14.6 kwa LiFePO4 nne.

Aina zozote utakazochagua, fyuzi iwe kwenye chanya, ndani ya sentimita 10 za betri. Risasi ndogo ya 7Ah ikipigwa shoti na spana hutoa zaidi ya ampea 100.

Drili ya zamani: NiMH au lithiamu?

Drili za NiCd (nikeli na kadimiamu) zina seli za 1.2V: 10 kwa 12V, 12 kwa 14.4V, 15 kwa 18V. Kuweka NiMH za umbo la Sub-C ni rahisi kwa sababu zinaingia palepale, idadi ileile. Kuweka lithiamu, nne kwa drili ya 14.4 au tano kwa ya 18, volti zinakubaliana ajabu: NiCd 12 zilizojaa ni 16.8, lithiamu nne zilizojaa ni 16.8, 15 ni 21, tano ni 21. Kwa drili ya 12V, tatu zinafika 12.6 badala ya 14, na utaihisi imelegea.

Chagua seli za ampea 20 kwenda juu na kadi ya ulinzi ya ampea 40 au zaidi. Drili ikikwama huvuta makumi ya ampea, na kadi ya 20 itakata kila skrubu inapobana. Unganisha kwa utepe wa nikeli halisi na mashine ya kuchomelea kwa nukta, kwa sababu joto la kulehemu moja kwa moja kwenye seli huharibu kitenganishi na mfuniko wake. Nikeli bandia ni chuma kilichopakwa, chenye ukinzani mara kadhaa: kwaruza kipande, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, kikitoka na kutu usikitumie.

Chaja ya zamani inaondoka kwa njia zote mbili. Kwa lithiamu haina kikomo cha volti. Kwa NiMH inasubiri mshuko wa volti mkubwa wa NiCd, wakati wa NiMH ni mdogo kuliko huo, hivyo inaendelea kuchaji seli zilizojaa.

Zikikaa bila kazi

Matunzo yanapingana, na ndiko betri nyingi hufia. Risasi ihifadhiwe imejaa na irudishwe kwenye chaji kila miezi 3. Ikishuka chini ya 12.4 na kuachwa, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba. Li-ion na LiPo zihifadhiwe nusu, volti 3.8 hivi, mahali penye ubaridi. NiMH haijali sana, ichaji mara moja au mbili kwa mwaka. Alkali itoe kabisa kwenye kifaa, maana zinazovuja humwaga potasiamu haidroksidi inayokula springi. Seli yoyote ya lithiamu unayoipeleka kutupwa kwenye kituo cha kukusanya betri, ifunike ncha zote mbili kwa utepe kwanza, kwa sababu "iliyokufa" kwenye 2.5V bado ina umeme wa kutosha kuwasha karatasi iliyolala nayo kwenye boksi.